Tanga Lililojikunjua Ikola

Kamba ya tanga ilikuwa imefunguka tena. Jana yake Libérat aliikaza mwenyewe kwa nguvu zake zote kwenye tezi, nyuma ya mashua, na mashua ilikuwa nchi kavu, juu ya mchanga wa Ikola kando ya ziwa, bila upepo wowote. Lakini tanga la mbele lilikuwa limejikunjua lote, na pindo lake linachuruzika maji.

Kifaa cha kukunjia tanga hilo alikiunda mwaka huo wa tisini na saba, kwa bomba na beringi za baiskeli. Unakaa zako nyuma, unavuta kamba, bomba linazunguka na tanga linajiviringisha. Wavuvi walimtania kwamba siku hizi anaona uvivu hata kutembea ndani ya mashua yake. Kisha wakaacha utani, maana walijua sababu. Mkewe, Séverine, mama wa binti yao Joséline, alikwenda omo, mbele ya mashua, kushusha tanga wakati wa dhoruba, ziwa likamchukua. Libérat hakutaka mtu mwingine asimame pale.

Mwili haukuonekana. Ndugu wakazika mgomba badala yake, na desturi ilitaka uviringishiwe kitenge cha marehemu. Libérat akatoa kipya cha dukani. Kile cha Séverine mwenyewe alikificha, baadaye akakishona kwenye pindo la tanga ili kulikinga na jua likiwa limekunjwa. Alimpenda mno yule mwanamke, hakuwa na sababu nyingine.

Arcade, kaka wa marehemu, ndiye aliyemleta Minza, mganga wa Kisukuma kutoka Mwamkulu. Minza alinusa kile kitenge, akarudi nyuma.

"Baba, huyo si mkeo," alinong'ona. "Ni jini la ziwani. Limekuta nguo haijazikwa, limeivaa. Leo linafungua kamba, kesho litakuchukua wewe."

"Nifanye nini, mama?"

"Kifumue tukakizike pale kwenye mgomba. Na likikuita, likane."

"Shemeji, fanya haraka," Arcade alisema huku akimpa mkasi.

Jua lilikuwa la utosi. Libérat akapanda omo na mkasi, na alipokata uzi wa kwanza bomba likaanza kuzunguka bila mkono wa mtu, polepole, beringi zikilia, na harufu iliyobaki kwenye kitenge, ya mawese ambayo Séverine alipenda kujipaka, ikageuka ya tope lililooza, na tanga likamviringisha kiunoni, kifuani, mpaka shingoni, na kutoka ndani ya kitambaa ikaja sauti ya mkewe, kwa upole uleule wa siku zote:

"Baba Joséline, umenichoka?"

"Likane!" Minza alisema.

Libérat alilia kama mtoto.

"Sikujui," akasema. "Sikujui wewe."

Tanga likalegea. Harufu ikaisha papo hapo. Kitenge kikafumuliwa, kikazikwa, na Arcade akamshukuru Mungu.

Jioni Libérat alirudi peke yake kwenye mashua, akaketi tezi. Akalikunjua tanga, akaita jina la mkewe kwa sauti ya chini, akasubiri. Akalikunja. Akalikunjua tena, akaita, akamwomba amsamehe. Kifaa kilizunguka vizuri kabisa, na hakuna aliyeitika.