Aliyeiunganisha Injini

Karani aliiacha injini ikiwa vipande vipande, asubuhi akakuta pistoni zimeshaingia.

Alisimama mlangoni mwa gereji ya nyumbani kwake, kikombe cha chai mkononi, akijaribu kukumbuka. Jana alizipanga pistoni juu ya gunia, akakuna kichwa, akakata tamaa na kwenda kulala. Sasa zilikuwa ndani ya silinda zake, zimepakwa oili, boliti zimekazwa na mkono unaojua kazi. Mkono wake yeye ulijua mihuri na majalada, basi.

Gari lilikuwa la baba mkwe, dereva mstaafu mwenye ulimi wa wembe. Lilipokufa kabisa alimkabidhi mbele ya ukoo mzima. "Mkwe wangu huyu mtu wa karatasi," alisema. "Akiliwasha hili, nitamwita fundi." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkewe naye alicheka, kidogo tu, macho kayainamisha. Kicheko kile kidogo ndicho kilichomkaa Karani rohoni.

Mtu mwenye akili zake angeuliza ni nani aliyeingia gerejini. Karani hakuuliza. Mkewe alipochungulia na kusema, "Kumbe unaweza, mume wangu," alijifuta mikono iliyokuwa safi, akajibu, "Taratibu tu, tutafika." Aibu ilimchoma masikio, lakini sifa nayo ilikuwa tamu, akaimeza.

Kila kulipokucha kazi ilikuwa imesogea. Valvu zilikuwa zimesuguliwa, kabureta limesafishwa, gasketi mpya imekaa sawasawa. Mle ndani kulikuwa na harufu ambayo si ya oili wala petroli, ila ya nywele zilizoungua. Karani alijifungia humo mchana kutwa akigonga spana kwenye bomba ili wa nje wasikie kazi inaendelea. Mtu mzima na ndevu zake, anagonga chuma apate kusikika.

Injini ikawaka. Baba mkwe aliinamia boneti, akasikiliza mngurumo ule na macho yakamlowa. Akamshika Karani mkono kwa mikono yake yote miwili. "Fundi," alisema, na tangu hapo nyumba nzima na mtaa mzima wakamwita hivyo.

Tatizo ni kwamba hakuwa yeye peke yake aliyeitikia.

Asubuhi moja alikuwa bafuni, povu limemjaa kichwani, mkewe akaita kutoka jikoni, "Fundi, chai tayari."

"Nakuja, mke wangu," ikajibu sauti kutoka gerejini.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ila nzito kidogo, kama ya mtu aliyeinamia pipa. Akasikia mlango wa gereji ukifunguka, na nyayo zikipita ukumbini bila haraka, na kiti chake kikivutwa, na kijiko kikizunguka kikombeni, na mkewe akicheka kicheko kizima ambacho yeye hakuwahi kukisikia tangu waoane, na pale aliposimama, sabuni ikimuuma macho, alitaka kupiga kelele akashindwa, kwa sababu angepiga kelele angeulizwa, na akiulizwa ingebidi aseme tangu mwanzo. Alipotoka hakukuta mtu mezani ila mkewe. Kiti kilikuwa na joto. Kwenye kikombe kulikuwa na alama za vidole vyenye grisi, virefu mno, vimekizunguka kikombe mpaka vikakutana.

"Mbona umelowa?" mkewe alimuuliza. "Si sasa hivi ulikuwa hapa?"

Ndipo alipokwenda kwa mganga, mama mmoja mpole aliyesifika kwa kutoa majini. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumcheka.

"Huyu hataki damu," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Amefanya kazi, wewe ukala sifa zake. Sasa anakula nafasi yako. Wakusanye waliokusifu, uwaambie: sikuwa mimi, na aliyefanya simjui. Hivyo hivyo, usiongeze neno. Usimwite mwenzako, usimpe undugu. Akipata undugu kwenu, mimi sitamuweza."

"Na nisiposema?"

"Mkeo atawatofautishaje?"

Jumapili aliwaita kwa chakula cha mchana, baba mkwe na mashemeji zake wote. Mlango wa kwenda gerejini ulikuwa nyuma yake, umefungwa. Karani alisimama.

"Ile injini," alisema, "sikuwa mimi."

Kijiko cha baba mkwe kilisimama hewani. "Unasemaje?"

Karani aliona uso wa mzee ukianza kuporomoka, akawaona mashemeji wakitazamana, tayari kucheka, na akamwona mkewe akiinamisha macho vilevile kama siku ile. Lilibaki neno moja tu, simjui, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini aibu ililiwahi, na mwenye aibu hutoa neno lolote lililo karibu.

"Yaani, sikuwa mimi peke yangu," alisema. "Nilisaidiwa."

"Na nani?"

"Na ndugu yangu mmoja."

Neno ndugu alilisema kama watu wanavyolisema kila siku, kwa muuza vocha, kwa mpita njia. Meza nzima ikashusha pumzi. Baba mkwe alicheka. "Sasa hilo nalo la kutusimamishia chakula? Fundi gani hasaidiwi?"

Harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango. Mkewe, mwanamke aliyelelewa akaleleka, alikuwa ameshainuka na kuongeza sahani mezani.

"Ndiyo maana nasikia mtu gerejini," alisema. "Kumbe mgeni yupo na hujatuambia?"

"Kaa, mke wangu," Karani alinong'ona. "Nakuomba, kaa."

"Nikae vipi? Ndugu yako anashinda na makopo ya oili sisi tunakula. Aibu gani hii?" Akaugeukia mlango. "Shemeji, karibu ndani."

"Ahsante, shemeji," ilijibu sauti ya mumewe kutoka upande wa pili, na kitasa kikazunguka.