Miche Kumi na Mmoja ya Chinsaga

Kando ya barabara iendayo Suneka ipo bustani ya umma yenye kanuni moja. Kila tuta lina kibao chenye majina mawili, la mtoto na la mtu mzima wa nyumba yake, nao hupanda, hupalilia na kuchuma pamoja. Jumapili mchana huwa kimya huko. Husikika majembe tu, na watoto wakiuliza majina ya majani. Waanzilishi waliamini kwamba mtoto akiijua mimea, atakuwa mtu mwema. Mimi sina imani kubwa na mambo ya namna hiyo. Nawasimulia nilichokiona, jamaa zangu, kila mmoja aipime nyumba yake.

Tuta la mwisho, karibu na chemchemi, lilikuwa la Bonareri na Ogari. Bonareri alikuwa na umri wa miaka kumi. Ogari, baba yake, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Mama alikwenda ng'ambo kwa kazi ya uuguzi, na sauti yake hufika kwa simu. Nyumba ile, basi, ilibaki na watu wawili, na mmoja wao alikuwa dukani.

Msichana alikuja na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na mbegu za mgagani, mboga ambayo kwetu huitwa chinsaga, alizoachiwa na marehemu mama yake Ogari. Zilikuwa zimezeeka. Alizipanda zote, ikaota miche kumi na mmoja tu.

"Uitunze hiyo," Loice, msimamizi wa bustani, akamwambia msichana. "Ikikomaa itatupa mbegu nyingine. Isipokomaa, hakuna tena."

"Majani ya kwanza nitampikia baba," Bonareri akajibu. "Kwa maziwa, kama bibi yangu Magokoro alivyompikia. Ila lazima aje tuchume naye."

Kila Jumamosi jioni alimkumbusha. Kila mara Ogari alijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Jumapili ijayo, mama. Wiki hii kuna mzigo wa mabati." Jumapili sita zilipita. Wenzake walikuwa wawili wawili matutani. Yeye aliongea na miche, kwa sauti ya chini, akidhani hasikiki.

Jumapili ya saba Ogari alifika bila kutangaza, viatu viking'aa.

"Mzee Ogari," Loice akasema langoni. "Nilidhani wewe ni jina la kwenye kibao tu."

"Mtoto yuko wapi?"

"Amekwenda chemchemini kuteka maji. Mngojee."

Hakungoja. Alitaka mtoto akute kazi imekwisha, apate kufurahi. Akakunja mikono ya shati, akapalilia. Mtu huyu alilelewa kwa chinsaga na huagiza sahani yake kila Ijumaa. Lakini alikuwa ameizoea ikiwa chunguni, hakuwahi kuitazama ikiwa changa. Aling'oa kila kilichoonekana kinyonge, akayaacha majani yenye vijiua vya manjano kwa kuwa yalipendeza. Hayo ndiyo yalikuwa magugu.

Bonareri alirudi na debe lake.

"Baba, ziko wapi?"

"Nini, mama?"

"Chinsaga za Magokoro."

Ogari alilitazama fungu dogo lililonyauka kando ya viatu vyake. Mtoto alipiga magoti, akaipanda upya miche yote, mmoja mmoja, akaimwagilia. Ogari alitaka kusaidia, asijue ashike wapi. Kufikia Alhamisi yote ilikuwa imekauka.

Tangu hapo Ogari hufunga duka Jumapili. Wiki ya kwanza alisimama mlangoni mwa chumba cha bintiye, jembe jipya mkononi.

"Twende bustanini."

"Nina kazi ya shule, baba," Bonareri akasema bila kuinua macho kwenye daftari. "Jumapili ijayo."

Amelisikia jibu hilo mara tano sasa. Huenda peke yake, hukaa kando ya tuta tupu, na mtoto wa jirani humwonyesha lipi ni gugu.

Funzo

Mzazi asidhani kwamba siku aliyomnyima mtoto huwekwa mahali ikimngoja. Mtoto hujifunza kwetu mambo mengi kuliko majina ya mimea, na la kwanza kulijua ni namna ya kuahirisha. Bustani haiwezi kumlea mtoto kwa niaba ya baba. Aliye na ahadi ya Jumapili na aitimize Jumapili hii.