Ndizi ya Nyumba Gani?

Kikundi chetu cha akina mama wa ndizi kiko Ekerenyo. Tuna kompyuta moja. Bathsheba, katibu wetu, huipangusa vumbi kila asubuhi. Mume wake, Mokua, hajawahi kupanguswa hivyo.

Kazi ya Bathsheba ni rahisi. Anaandika neno moja tu, ndizi, na ukurasa wa kikundi unafunguka.

Jumanne moja stima ilipotea, mtandao wa ofisi ukazima. Siku hiyo hiyo majina yetu arobaini yalitakiwa kutumwa kupitia ukurasa huo kabla ya saa sita mchana. Yakichelewa, miche ya bure ingepewa wengine. Na ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umemaliza migomba yetu. Bathsheba akabeba kompyuta, mimi nikabeba mdomo wangu, tukaenda Keroka kwa Karan, mwenye duka la jumla.

"Bwakire, mama," Karan alitusalimu kwa Kigusii. "Tumieni mtandao wa duka."

Bathsheba akaandika ndizi. Ukurasa ukafunguka. Akaanza kujaza jina lake, simu, kitambulisho. Mara akaguna.

"Wananiuliza nitauza mikungu mingapi. Tangu lini kikundi kinaniuliza hivyo?"

Karan akachungulia. "Simama, mama! Huu ni ukurasa wangu, wa watu wanaoniletea ndizi."

"Kumbe unatunyang'anya wanawake arobaini?" nikamwuliza.

"Mke mmoja tu nyumbani amenishinda," akajibu.

Kisha akaeleza. "Jina fupi halitoshi. Kompyuta hulitafutia mkia, yaani sehemu ya mwisho ya anwani. Ofisini kwenu, mtandao wenu una orodha ya mikia, na wa kikundi ndio wa kwanza. Hapa imetumia orodha ya duka langu."

"Basi serikali iandike orodha moja ya Kenya nzima!" Bathsheba akasema.

"Mama, nyumbani ukiita Kwamboka, nani anakuja?"

"Binti yangu."

"Na ukiita hapa sokoni?"

"Watakuja kumi," nikadakia, "na wote watauliza kama kuna chakula."

"Sasa serikali ikuamulie Kwamboka wa kweli ni yupi?"

"Ithubutu!" Bathsheba akawaka.

"Ndiyo hivyo. Orodha apange mwenye nyumba, maana ndiye anayewajua watu wake. Lakini ukitoka nje, taja jina zima, hadi mwisho."

"Jina zima silijui," Bathsheba akasema kwa sauti ndogo. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

Nikakumbuka mhuri wa kikundi. Ulikuwa kwenye mkoba wake. Akaugonga mkononi. Anwani nzima ya ukurasa wetu ikatokea pale, ya buluu. Miaka miwili tulikuwa tunaigonga bila kuisoma! Akaiandika herufi moja moja. Ukurasa wetu ukafunguka. Majina, yaliyokuwa tayari kwenye kompyuta, yakaenda dakika nne kabla ya saa sita.

Miche ilifika. Wangu umeshatoa machipukizi matatu, na jirani ameanza kunisalimia vizuri. Bathsheba amebandika karatasi kwenye kompyuta: "Ofisini, jina fupi. Safarini, jina zima."

Juzi alisimama katikati ya soko la Keroka akaita, "Kwamboka wa Mokua wa Ekerenyo!"

Akaja mmoja tu. Naye aliuliza kama kuna chakula.