Bibi wa Kwenye Kipindi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla vyerehani havijaanza kelele zake, Chiriku alijifungia katika chumba cha nyuma cha duka la shangazi yake, fundi wa nguo. Majora ya vitambaa yalipangwa hadi darini, nayo yalimeza mwangwi wote. Aliweka simu juu ya kigoda, akakohoa kidogo, akasema: "Karibuni katika Kazi ya Mikono, podikasti ya watu wanaojua kazi zao!"

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Sasa mdomo ule ulikuwa umeanza kuzaa matunda. Alikwisha kuwahoji fundi saa, mwokaji mikate na mchimba visima, na wasikilizaji waliongezeka kila wiki. Msikilizaji wa kwanza alikuwa bibi mwenyewe. Kipindi kikianza tu, aliwafokea hata kuku waliopita mlangoni: "Nyamazeni, mjukuu wangu anasema!"

"Vifurushi vya intaneti nitakununulia miezi mitatu," shangazi alikuwa amemwambia. "Baada ya hapo kipindi kijilishe chenyewe."

Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha, Chiriku alimpata mdhamini, muuza majani ya chai ya dawa. Alikubali kudhamini kipindi mwaka mzima, lakini kwa sharti moja.

"Nataka mteja aliyepona kisukari, aseme kwa kinywa chake," alisema.

"Yuko wapi huyo mteja?"

"Mwenye kipindi ni wewe. Mtafute."

Chiriku na rafiki yake wa darasani, Mitambo, aliyekuwa fundi wa kukata na kuunganisha sauti, walitafuta siku mbili. Hawakumpata hata mmoja.

"Tumwambie ukweli kwamba hayupo," Mitambo alisema.

"Mwaka mzima utuponyoke hivi hivi? Acha woga! Hili ni tangazo tu."

Chiriku akajifunga kitambaa mdomoni, akapinda mgongo, akaanza kwa sauti ya kutetemeka: "Wajukuu zangu, sukari ilinitesa miaka sita. Nimekunywa chai hii wiki mbili tu, vidonge nimevitupa!" Mitambo alicheka hadi machozi. Wakakirusha kipindi.

Siku kumi na moja baadaye, Chiriku alirudi kutoka shule akamkuta bibi amelala sakafuni jikoni. Midomo ilikuwa imekauka, pumzi zinakwenda mbio, na macho yalimtazama bila kumtambua. Chiriku alipiga ukelele uliowatoa majirani wote nje.

Hospitalini, muuguzi alimtoboa bibi kidole, akatazama kipimo, akakunja uso. "Sukari imepanda kupita kiasi. Kuna dawa za kisukari anazotumia?"

"Kila siku, hakosi," shangazi alijibu. "Chiriku, kimbia nyumbani ulete pakiti tumwonyeshe daktari."

Chiriku alifungua droo ya bibi. Vidonge vya siku kumi nzima vilikuwa pale, havijaguswa. Kando yake palikuwa na pakiti ya chai ya dawa, imebaki nusu. Akaketi chini palepale. Hakuwa na haja ya kumuuliza mtu bibi aliisikia wapi chai ile.

Usiku kucha hakupata usingizi. Asubuhi waliambiwa bibi amezinduka. Alikuwa dhaifu, lakini alipomwona mjukuu wake alitabasamu.

"Usilie, mwanangu. Labda mwili wangu na wa yule mwenzangu wa kwenye kipindi chako haifanani. Yeye ilimfaa."

Chiriku aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Bibi," alisema, "yule bibi ni mimi."

"Ni wewe nani?"

"Nilijifunga kitambaa mdomoni. Hakuna mtu aliyepona."

Bibi alimkodolea macho kana kwamba mgeni ameingia chumbani. Shangazi, aliyekuwa akimenya chungwa, aliliangusha. Chungwa likabingirika hadi chini ya kitanda na hakuna aliyeliokota.

"Mimi nilikuwa namwombea yule mwanamke," bibi alisema polepole. "Kila jioni."

Chiriku alilia kwa kwikwi. Shangazi alingoja anyamaze, kisha akauliza: "Bibi yako umemwambia. Na mabibi wa wenzio?"

Jioni ile ile Chiriku na Mitambo walikiondoa kipindi kile cha chai, wakarekodi kingine. Chiriku alikiri kosa lake kwa sauti yake mwenyewe, na yule muuguzi wa hospitalini akawaonya wasikilizaji wasiache dawa bila kumwuliza daktari. Muuza chai alikasirika, akajitoa. Wasikilizaji wengi walihama, na kipindi kikanusurika kwa sababu Chiriku alishona vifungo dukani kila alasiri ili apate vifurushi.

Baada ya miezi miwili, seremala mmoja alitaka kutangaza viti vyake. Chiriku alikwenda karakanani kwake akavikalia vyote, kimoja baada ya kingine.

"Hiki kinayumba," alisema.

Seremala alicheka. "Ndiyo maana nimekuja kwako, husemi tena uongo." Alikirekebisha, na tangazo likasomwa. Baada yake akaja mwokaji mikate, kisha fundi saa.

Jumamosi moja bibi alimeza kidonge chake, akasikiliza mteja akivisifu viti vile.

"Huyo anayesema ni nani?"

"Ni jirani yetu muuza maziwa, bibi."

"Nipeleke kwake nimwone."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Bibi bado haniamini," alimnong'oneza shangazi.

"Usinune," shangazi alisema. "Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kurudi kuaminiwa ni ndefu. Kipindi hakiishi kwa wadhamini, kinaishi kwa anayekisikiliza na kukiamini. Haya, mshike bibi yako mkono, mtembee."

Bibi alikuwa amekwisha kuvaa viatu, anangoja mlangoni.