Baba Aliposema Ameanguka Bafuni

"Nimeteleza bafuni, daktari. Nyumbani."

Baba yangu alisema hivyo bila kupepesa macho... huku ovaroli yake ikinuka moshi wa kuchomelea vyuma!

Wasomaji wangu, huo ulikuwa uongo. Baba alikuwa ameanguka kutoka jukwaa wanalopandia mafundi, ndani ya meli wanayoiunda hapa kisiwani Geoje. Wenzake hawakuita gari la wagonjwa, maana wito huacha kumbukumbu. Walimleta kwa pikapu ya kubebea mabomba, nyonga imevunjika.

Msimamizi wake, Pyo, alinivuta pembeni.

"Sol-i, binti yangu, usituharibie. Kampuni yetu italipa matibabu."

"Na asipotembea tena, mjomba? Fidia ya serikali ataidai vipi, ikiwa aliumia bafuni?"

"Wakaguzi wakija, kazi inasimama. Wenye meli watatunyang'anya zabuni, sote turudi nyumbani. Sheria yenu hiyo!"

Sheria yetu... Alinigusa penyewe. Mimi nasoma sheria chuoni, Busan. Niliandamana kwenye theluji, tukidai waajiri waadhibiwe vikali kwa ajali za kazini. Tulishinda, sheria ikapitishwa. Sasa waajiri wanaogopa adhabu, na wanaficha majeruhi!

"Baba, sema ukweli."

"Nyamaza, mwanangu. Nikisema, akina Pyo watakula nini?"

Keshokutwa yake mchana, machela ikaingia wodini. Nikamtazama aliyelala juu yake.

Pyo!

Jukwaa lilelile, pale pale pasipo na kizuizi. Ajali ya Baba "haikutokea", basi nani angeweka kizuizi?

Meneja wa kampuni yao alikuja naye, na alikuwa ameshamnong'oneza sikioni.

"Umeumia wapi?" daktari akauliza.

"Nyumbani... kwenye ngazi..."

"We Pyo!" Baba alifoka kutoka kitanda cha pili. "Nyumba yako ina ngazi tangu lini? Daktari, tumeanguka kazini. Mimi na yeye!"

"Mzee Baek, wafikirie wenzako," meneja alisema.

"Ndio ninaowafikiria. Kesho unampandisha nani pale?"

Pyo akaanza kulia. Kisha akaitikia kwa kichwa: ndiyo, kazini.

Madai yao ya fidia yamepokelewa. Kazi imesimama, na wapo majirani wasioitikia salamu zetu.

Bado naiamini sheria ile. Lakini sheria inayomtisha mwajiri bila kumlinda anayesema ukweli huwafundisha watu kuficha majeraha. Ukiumia kazini, sema kazini, siku hiyohiyo. Ukinyamaza, mwenzako ndiye anayepanda baada yako.