Barua ya Saa Kumi na Mbili na Nusu

Jua lilikuwa linazama Fundi Waya alipofika kwa shangazi yake kutazama kompyuta iliyokuwa ikipiga simu yenyewe. Mambo ya mashetani hakuyaamini. Aliamini nyaya.

"Kila jioni, baba," shangazi alinong'ona. "Nikiisikia tu, nachomoa waya wa simu. Naogopa!"

Kompyuta ilikuwa ya binti yake, aliyegongwa na gari akafa miezi mitatu nyuma. Binti ndiye aliyeiwasha mara ya mwisho, na shangazi hakuwa na moyo wa kuizima.

Wakangoja. Ikagonga saa kumi na mbili na nusu.

Ti-ti-ti... kriii... kriiiii...

Shangazi akaurukia waya. Fundi akamzuia, akainama kwenye kioo, akacheka.

"Jini gani! Kuna barua pepe haijatoka. Kila jioni mashine inajaribu kuituma kwa waya wa simu, nawe unaikatiza njiani."

"Barua ya kwenda kwa nani?"

Kicheko kikamkauka. Ilikuwa ya kwenda kwa shangazi mwenyewe. Binti alikuwa akimfundisha mama yake kompyuta, na kila siku alimwachia kijibarua cha kusoma jioni kwenye mashine hiyo hiyo. Safari hii wakaiacha ipite, kisha Fundi akaisoma kwa sauti.

"Mama, leo nitachelewa. Usiweke komeo mlango wa nyuma. Nakujua ukilala, hata ngoma hazikuamshi."

Shangazi akakaa sakafuni.

"Jioni ile ya ajali niliuchomoa waya," alisema polepole. "Nilitaka kuongea na dada yangu kwenye simu. Tukapiga soga weee... Kisha nikaweka komeo, nikalala."

Fundi alijua yaliyofuata. Jirani alimsikia binti akigonga, akigonga, mwisho binti akarudi barabarani akatafute pa kulala kwa rafiki yake, ndipo gari likamgonga.

Fundi alilia bila kuficha. Kisha akafanya alichojua kufanya: akaifuta ile amri ya kupiga simu kila jioni, akaizima kompyuta, akauchomoa waya na kuukunja mfukoni.

"Haitapiga tena, shangazi."



Kikapita kiharufu cha mafuta ya nywele, yale ya binamu yake.

Ti-ti-ti...

Fundi akaushika mfuko wake. Waya ulikuwamo. Kioo kilikuwa cheusi.

Kriiiii...

Halafu, mlango wa nyuma, taratibu: ngo... ngo... ngo...

Fundi hakuweza kuinua mguu. Shangazi aliinuka bila woga, akajipangusa machozi, akaliondoa komeo na kuufungua mlango wote. Nje hapakuwa na mtu.

"Pita, mwanangu," akaliambia giza. "Mama hajalala."