Magazeti ya Kukatia Shati

Hata leo, nikiwa mtu mzima, nikisikia mlio wa cherehani narudi nyumbani kwetu. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi ya mama, fundi wa nguo. Palikuwa na cherehani karibu na mlango, meza ndefu ya kukatia, pasi ya mkaa na harufu ya kitambaa kipya. Ukutani, kwenye misumari, vilining'inia vipande vya magazeti ya zamani. Kabla ya kukata kitambaa cha mteja, mama alikata kwanza umbo lake kwenye gazeti: mkono, kola, mfuko. Kisha alikilaza kipande hicho juu ya kitambaa na kukizungushia chaki. Mama alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa kukata. Akishashika mkasi, hata ungemwambia nyumba inaungua, angekujibu, "Subiri nimalize. Mkasi haungoji mtu."

Kila jioni, mimi na mdogo wangu tulikula, tukaosha vyombo, kisha yeye akajipenyeza chini ya meza, juu ya mabaki ya vitambaa, na kusoma kitabu chake kwa sauti. Mimi nilikuwa darasa la sita, yeye la pili. Hakusita wala hakukosea. Wateja walimpa jina la Redio, naye alilipenda kuliko jina lake.

"Fundi, huyu atakuja kuwa mtangazaji," alisema muuza mkaa, mteja wetu wa miaka mingi. "Sisi wenzake tulisoma mpaka jasho likatutoka!"

Mama alicheka huku akikanyaga cherehani. Nami nilijivunia mdogo wangu kupita kiasi.

Jioni moja chai ilimwagikia kile kitabu. Tulikianika, lakini kurasa kadhaa ziligandana. Kesho yake Redio alisoma kama kawaida, hadithi ya mbuzi aliyekula kofia ya babu, mwanzo mpaka mwisho. Nikainama nimwone. Ukurasa uliokuwa mbele yake ulikuwa na picha ya watoto wakiteka maji kisimani. Ule wa mbuzi ulikuwa umegandia ndani, haufunguki.

"Mbuzi yuko wapi hapo?" nikamnong'oneza.

Akaitazama picha ya kisima. Macho yakamjaa machozi.

"Dada, usinicheke. Wenzangu wakisoma darasani, mimi nasikiliza tu. Nikisikia, nimeshika. Lakini herufi zikikaa pamoja nyingi nyingi, sizijui."

Mwisho wa muhula ulikuwa umekaribia, na mwalimu mkuu angemsikiliza kila mtoto wa darasa la pili akisoma peke yake, tena ukurasa ambao hajawahi kuuona. Asiyeweza angerudia darasa. Redio wetu, na sifa zake zote mtaani, angebaki nyuma huku marafiki zake wakipanda la tatu.

"Nitakufundisha," nikamwambia.

Kumbe nilijitwika mzigo! Nilimsomea mstari, akaurudia bila kosa, tena kwa madaha. Nikatafuta kitabu changu cha zamani. Nikishatamka mara moja tu, naye amekwisha kunasa. Sikio lake lilifanya kazi yote, jicho likakaa bure. Nikaona natwanga maji kwenye kinu.

Siku moja mama akaniagiza, "Hebu nipe mkono wa shati la mtoto, huo wa msumari wa chini." Nilipokiangua kile kipande cha gazeti, nikaona maneno yaliyopitiwa na mkasi: mengine hayana mwanzo, mengine hayana mwisho. Nikajiambia, haya hakuna aliyewahi kumsomea. Mama alipomaliza kukitumia, nikaingia nacho chini ya meza.

"Soma."

"Nisomee kwanza, dada."

"Hata mimi sijui kimeandikwa nini. Tutajua wewe ukisoma."

Akakunja uso, akaweka kidole. "Ma... ji. Maji! Maji ya... ya mfe..." Akafika pembeni, karatasi ikaisha. "Mkasi umekula!"

Tukacheka sana. Tukaendelea silabi moja baada ya nyingine, leo kola, kesho mfuko. Jioni moja alipiga kelele, "Dada, kumbe habari ya mkononi inaishia mfukoni!" Alikuwa ameunganisha vipande viwili mwenyewe, nami furaha ikanijaa mpaka nikamkumbatia.

Lakini chumba kile hakikuwa na siri. "Fundi, mbona leo Redio ina mikwaruzo?" akauliza muuza mkaa, aliyekuwa amekuja kupimwa suruali. "Au betri zimeisha?"

Wateja wakaangua kicheko. Redio akatupa kola ya gazeti, akafungua kitabu chake na kuanza tena hadithi ya mbuzi, kwa sauti ya juu, bila hata kutazama chini. Niliumia. Nilijua tumerudi tulikotoka.

Katikati ya hadithi akanyamaza. Akatoka chini ya meza, akasimama mbele ya mama.

"Mama, mimi sijui kusoma. Haya yote nimeyashika kwa masikio. Najua kidogo tu, kwenye magazeti yako, tena pole pole."

Cherehani ikanyamaza. Niliogopa mama angemkaripia mbele za watu. Badala yake alivuta droo, akatoa kijishati kidogo kilichochakaa.

"Hiki ndicho nilichoshona kwanza, nilipokuwa najifunza kazi. Tazama mshono ulivyokwenda upogo. Walinicheka mpaka nikalia. Kesho utasoma hapo hapo, kwa sauti yako hiyo hiyo ya pole pole." Akawageukia wateja. "Na atakayemcheka mwanangu, suruali yake nitaibana hata asiweze kuketi."

Muuza mkaa akakohoa, akatazama dari.

Siku ya mtihani nilijibanza nje ya dirisha la darasa. Redio aliweka kidole kwenye mstari, akaanza. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Neno moja lilimshinda. Akarudi nyuma, akalitenganisha, akalipata. Mimi huko nje nilikuwa nimeuma kidole.

"Anasoma pole pole," alisema mwalimu mkuu, "lakini anasoma. Apande darasa."

Tulikimbia mpaka nyumbani. Mama alikuwa amekwisha kutandaza gazeti zima mezani ili akate suruali ya muuza mkaa, na mkasi ulikuwa wazi mkononi.

"Mama, ngoja!" Redio akaita, macho yake kwenye gazeti. "Nataka kusoma habari hiyo kabla hujaikata!"

Nikafumba macho, kwa maana jibu nilikuwa nalijua. Lakini sikusikia kitu. Nilipofumbua, mkasi ulikuwa umelazwa mezani.

"Soma, mwanangu," mama alisema. "Leo mkasi utangoja. Ulichokisikia kwa wengine unaweza kukiimba vizuri, lakini ukikisoma mwenyewe, hata kwa kujikwaa, ni chako. Nawe ulianza kukipata siku ile uliposema hujui."

Redio akapanda juu ya kigoda, akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Muuza mkaa akaketi kwenye benchi, akaisubiri suruali yake.